Visahani vya Mwalimu kule Dundori

Meneja ameniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki, kabla sijaondoka, uzoefu wangu, ukurasa mmoja, na uwe wa kutia moyo. Ukurasa mmoja hautatosha, na wa kutia moyo sina. Nitaandika ninavyojua. Mkiona ni mrefu, someni mkiwa mnangoja mteja afungue geti, maana hiyo ndiyo nusu ya kazi yetu. Meneja naye akisoma ni sawa tu, hakuna kitu hapa ambacho hakijui.

Wengi wenu mnanijua kama Mathe wa simu, yule mama anayepokea wateja na kuwaambia wazime rauta, wangoje kidogo, wawashe tena. Hamkunijua nikiwa juu ya ngazi. Nilianza na waya za simu za mezani, wakati watu bado walikuwa na simu za mezani na wezi bado walikuwa hawajamaliza shaba yote. Baadaye nikaingia kwa waifai za nyumbani, kuanzia Lanet mpaka Kiamunyi, Gilgil mpaka huko juu Dundori. Vyeo siandiki kwa sababu sikupewa. Mshahara pia siandiki, mnaujua, ndio huo huo mnaolipwa.

Siku yangu ya kwanza kwenye kampuni hii nilipelekwa nyumba moja ya mtaa wa Free Area na Mzee Koech, fundi wa zamani kuliko wote. Mama mwenye nyumba alifungua geti, akaniangalia, akaangalia pikapu, akamuuliza Mzee Koech fundi yuko wapi. Mzee Koech alinionyesha kwa kidole, akaingia zake ndani akatafuta kiti. Nikapanda. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, alitoka Bungoma akazeekea hapa Nakuru kwenye nyumba za reli, na sisi watoto wake tulikuwa tunacheza juu ya mabehewa yaliyoachwa, kwa hivyo urefu haukuwa shida. Shida ilikuwa mama mwenyewe, aliyesimama chini ya ngazi muda wote akishika sketi yangu isipepee, kana kwamba hiyo ndiyo dharura. Kesho yake nilikuja na suruali na sijaivua mpaka leo.

Mzee Koech hakuwa anafungua boksi la vifaa kabla ya kuketi. Aliomba chai, akainywa polepole, akatazama watu wa ile nyumba wanapita wapi. Mimi nilidhani ni uvivu. Siku moja akaniambia nihesabu makochi na nihesabu watu, halafu nimwambie watu wanaishi wapi. Hapo ndipo niliona. Pande za Dundori na Bahati utapata nyumba nzuri ya mawe, sebule imejaa makochi yamefunikwa vitambaa, na hakuna mtu hata mmoja. Watu wote wako jikoni ya nje, kwenye moto, kwa sababu ya baridi. Ukifunga kifaa chako sebuleni umevifungia vitambaa waifai.

Kifaa chenyewe nyinyi mnakiita AP. Wateja wanakiita kisahani, kwa sababu ni cheupe, cha duara, na kinakaa kwenye dari. Mimi nimekaa na wateja kuliko nilivyokaa na ofisi, kwa hivyo nitakiita kisahani. Kazi yake ni kutoa waifai pale rauta ya mlangoni haifiki. Na haifiki mahali pengi, kwa sababu jiwe letu la Nakuru ni zito, mabati yanarudisha mawimbi yalikotoka, na kabati lenye kioo kikubwa ni ukuta wa chuma. Msimwamini mteja anayesema nyumba yake ni ndogo. Ulizeni imejengwa na nini.

Kuna nyumba Gilgil, karibu na kambi, ilinitoa jasho. Waifai ilikuwa inakufa kwenye kinyumba cha nyuma ambako bibi wa watoto alikuwa analala. Si kila siku. Leo iko, kesho haiko, keshokutwa imerudi. Nilibadilisha waya, nikabadilisha kisahani, nikalaumu radi, nikalaumu jeshi. Mzee Koech alikuja, akanywa chai yake, akauliza maji yanakuja siku gani. Kumbe lile tenki kubwa la plastiki lilikuwa limepandishwa katikati ya kisahani na kile kinyumba. Siku ya mgao likijaa, maji yanakunywa mawimbi yote. Likiisha, bibi anapata waifai. Tulihamisha kisahani upande wa pili, na yule bibi akaacha kuombea ukame.

Halafu kontrola zikaja. Nyinyi mmezikuta, hamjui tulikuwa tunateseka namna gani. Zamani kila kisahani kilikuwa kinapangwa peke yake, unapanda ngazi na laptopu mkononi. Kontrola ni programu moja, inakaa kwenye kompyuta, inaona visahani vyote vya nyumba, inaviamuru vyote, inakuonyesha ni simu gani zimeunganishwa na kila moja iko kwenye chumba gani. Niliipenda mara moja. Niliweka ya kwangu nyumbani kwenye kompyuta kuukuu nyuma ya televisheni, nikawa naangalia vile mtu anaangalia jiko likichemka. Na ina sheria moja ambayo lazima muijue. Kisahani kikishakubaliwa na kontrola moja, hakisikii nyingine. Mpaka ile ya kwanza ikiachilie, au mtu apande, achomeke pini kwenye kitundu cha nyuma, kirudi kama kilivyotoka kiwandani.

Hapo ndipo Mzee Koech alipoweka utaratibu wake, na sikuwahi kuona fundi mwingine akifanya hivyo. Kontrola ya nyumba inakaa ndani ya nyumba. Tukimaliza kazi anamwita mwenye nyumba, anamketisha mbele ya kompyuta, anamwambia aandike paswadi yake mwenyewe, na sisi tunageuka tunaangalia ukuta. Wengine walikuwa wanacheka. Wazee wengine walikuwa hawajawahi kushika kibodi, inachukua muda, na sisi tumesimama pale tunaangalia kalenda ya kanisa. Lakini tukitoka, tumetoka kweli. Nyumba ni ya mwenyewe.

Na msidhani ilikuwa mchezo, kwa sababu kontrola inaona mengi. Kuna jamaa wa Naivasha, mtu wa zamu kule kwenye mtambo wa umeme wa mvuke, Olkaria, alituita akasema waifai inasumbua. Haikuwa inasumbua. Alitaka tumfungulie orodha ya simu zilizoingia kwenye nyumba yake wakati yeye yuko zamu, na mke wake alikuwa jikoni hapo hapo, anasikia. Mzee Koech alifunga laptopu, akamwambia, "Boss, sisi tunapima mawimbi. Ndoa hatupimi." Tukaondoka bila chai, kitu ambacho kwa Mzee Koech kilikuwa kama msiba. 

Moja ya nyumba za mwisho alizofunga kabla hajastaafu ilikuwa ya Mwalimu Njoroge, Dundori, chini kabisa kwenye mteremko, ukishapita mashamba ya waru, viazi vyetu vya huku. Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, na alikuwa na binti mmoja, Wanjiru, muuguzi ng'ambo. Karatasi za Wanjiru zilikuwa hazijakamilika. Kurudi nyumbani angeweza, lakini kuingia tena kule hangeweza, na yeye ndiye aliyekuwa anashikilia hiyo boma. Mwalimu alinunua visahani yeye mwenyewe, kimoja sebuleni, kimoja jikoni ya nje, kimoja chumba cha kulala. Andikeni hilo kichwani: alivinunua, vilikuwa vyake. Kontrola tuliiweka kwenye ile kompyuta yake ya zamani aliyokuwa anatungia mitihani. Aliandika paswadi yake ndefu, akarudia bila kukosea, akatuambia sasa tunaweza kugeuka.

Mzee Koech alistaafu, akarudi Molo kulima, akafariki huko. Tukapata meneja mpya kutoka Nairobi, huyu huyu aliyenipa ukurasa mmoja. Alituketisha akatuonyesha michoro ukutani. Kontrola zote zihamishwe, zikae kwenye kompyuta kubwa ya ofisi. Tutatibu nyumba za watu bila kupanda gari. Sikatai, ilisaidia, nyumba iliyoko Njoro nilikuwa naitengeneza nikiwa nimeketi ofisini. Halafu akaongeza la pili: kile kitundu cha pini kifungwe kutoka ofisini, ili mtu asirudishe kisahani nyuma bila ruhusa yetu. Na nyumba ikitoka kwetu, visahani vizimwe mawimbi. Niliuliza itakuwaje mteja akitaka kwenda kampuni nyingine na visahani ni mali yake. Alitabasamu, tena kwa upole, hakuwa mtu wa kelele. Akasema, "Ndiyo maana hataenda."

Nilibishana. Nilibisha kwenye mkutano, nikabisha kwenye korido, nikaandika. Niliambiwa mimi ni mtu wa enzi za shaba. Wenzangu waliangalia viatu vyao. Tukazunguka nyumba moja baada ya nyingine tukihamisha, na wenye nyumba walitupikia chai, wakatushukuru, kwa sababu tuliwaambia ni maboresho. Dundori alitumwa mwingine. Nilifurahi kwamba si mimi, furaha ya kijinga.

Sasa someni polepole, kwa sababu hapa ndipo kazi yangu ilipoishia. Mwalimu alipatwa na kiharusi. Upande mmoja ukaisha, na maneno yakaisha pamoja nao. Alirudishwa nyumbani, akalazwa kile chumba cha ndani, na shida ikawa chakula. Alikuwa anafunga mdomo. Mkewe, Mama Wanjiru, alimbembeleza, akamwombea, akamletea pasta wa kanisa, wapi. Mdomo ulifunguka kwa mtu mmoja. Asubuhi Wanjiru anatoka zamu ya usiku kule, anapiga simu ya video, tableti inasimamishwa kwenye mto, anamwambia baba yake ale, na Mwalimu anakula bakuli lake lote la uji. Wanjiru asipoonekana, Mwalimu hali kitu. Walijaribu simu ya kawaida, sauti peke yake. Alisikia sauti, akawa anamtafuta nyuma ya simu, akalia.

Kwa hivyo ile boma iliishi kwa kisahani kimoja. Na intaneti yetu kule Dundori, mnajua wenyewe, ilikuwa inatoka kwa mlingoti wetu wa juu, ukungu ukishuka inaondoka nao. Asubuhi ndiyo ukungu unashuka. Waya wa kampuni nyingine ulipofika barabarani, Mama Wanjiru alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akahama. Fundi wao akaleta waya mpaka mlangoni, rauta yao ikawaka vizuri sebuleni, na siku hiyo hiyo ofisi yetu ikazima visahani vya Mwalimu. Jiwe la ile nyumba lilikula mawimbi yote kwenye korido. Data ya simu kule bondeni ni ya kusoma ujumbe, si ya kuona uso. Mwalimu hakuweza kubebwa mpaka sebuleni. Fundi wao alichomeka pini, akachomeka tena, kisahani kikamnyamazia. Akasema vifaa vipya itabidi viagizwe Nairobi.

Mama Wanjiru alinipigia kwa namba yangu. Hakulalamika. Alieleza tu, kwa ile Kiswahili yake ya polepole, kwamba Mzee wake hajala tangu juzi, kwamba anamtilia maji kwa kijiko, na kama ninajua dawa ya hivi visahani. Nilienda kwa meneja. Nikamweleza yote, kiharusi, uji, binti. Alisikiliza, nampa haki yake, alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni pole sana, na kwamba wakirudi kwetu tutawafungulia saa hiyo hiyo. Nikamwambia kwetu kuna ukungu. Akasema akiruhusu mmoja ataruhusu wote. Nikasema kwani si vyao? Akasema hiyo ni sera, si mtu.

Nilirudi kwa meza, nikaingia kwenye kontrola ya ofisi kwa paswadi yangu mwenyewe, nikaifungua nyumba ya Mwalimu Njoroge, nikaviachilia vyote vitatu. Ni kubonyeza na kuthibitisha, basi. Nilikuwa nimekasirika sana hata kuogopa nilisahau. Kesho yake, Jumamosi, siku yangu ya kupumzika, nikapanda Dundori na laptopu, na jaketi la kampuni kwa sababu ya baridi. Nilisahau hilo jaketi ni la rangi gani.

Kompyuta ya mitihani ilikuwa bado chini ya kitambaa chake. Niliweka kontrola upya, nikakubali visahani kimoja kimoja, sebule, jikoni, chumba. Kile cha chumba kilikuwa juu ya kitanda, kwa hivyo nilisimamisha ngazi kando ya Mwalimu, na yeye ananiangalia kwa jicho moja, kimya, mashavu yameingia ndani. Kikawaka. Nilimketisha Mama Wanjiru aandike paswadi mpya, nikageuka nikaangalia ukuta. Halafu tableti ikalia.

Wanjiru alikuwa bado na nguo za kazi, macho mekundu. Hakulia, au alikuwa amemaliza. Alisema, "Baba, mimi nimekula. Sasa ni wewe." Mwalimu akafungua mdomo. Mama Wanjiru alimlisha kijiko baada ya kijiko na mimi nilikuwa bado juu ya ngazi, sijui nishuke au nikae, nikabaki huko huko na bisibisi mkononi mpaka bakuli likaisha. Kazi nimeifanya miaka mingi. Kama mngeniuliza ni siku gani nililipwa, ni hiyo.

Mwalimu aliendelea kula hivyo mpaka mvua ndefu zikafika katikati, halafu akaondoka asubuhi moja baada ya uji, taratibu, binti yake akiwa anamwona. Hilo tulilipata na halikuchukuliwa na mtu.

Nilienda mazishi. Ilikuwa baridi, nikavaa jaketi lile lile. Tenti zilijaa, kwaya ikaimba, na yote ilikuwa inarushwa kwa Wanjiru kupitia kile kisahani cha jikoni ya nje, kijana wa video amesimama na simu yake. Nyinyi mnajua shukrani za mazishi ya huku. Mjane anapewa kipaza sauti, na hakuna mtu anaachwa. Mama Wanjiru alishukuru daktari, akashukuru chifu, majirani waliokata nyasi ya ng'ombe, akina mama wa kanisa, mwenye tenti, waliochimba kaburi. Mimi nilikuwa nyuma, nimeridhika kabisa kuwa nyuma. Halafu nikasikia jina langu.

Alisema, "Na huyu msichana wetu Nafula, wa kampuni ya intaneti. Kampuni ilikataa kutufungulia, yeye akatufungulia. Nafula, simama wakuone." Nilikuwa na wajukuu, lakini kwake nilikuwa msichana. Nilijifanya natafuta kitu chini. Mzee aliyekuwa karibu nami akaniinua kwa kiwiko. Watu wakapiga makofi, kijana wa video akageuza simu, na nikasimama pale, jaketi la kampuni, jina la kampuni kifuani, umati wote unanipigia makofi kwa kuvunja sheria ya kampuni. Mama Wanjiru alikuwa analia na kutabasamu. Alidhani ananipa heshima, na kwa kweli alinipa. Tangu nianze kazi hakuna mtu aliyewahi kunitaja kwa kipaza sauti.

Jumatatu meneja aliweka simu mezani, akacheza ile video. Mmoja wa watu wetu wa mauzo ana shamba Dundori, alikuwa kwenye tenti, na kama hangekuwa yeye angekuwa mwingine, maana ilikuwa imezunguka kwenye group zote za huko juu. Aliniuliza kama yule ni mimi. Nikamwambia asome jaketi. Hakunifuta kazi. Alisema kwa sababu ya miaka yangu atanihurumia. Alininyang'anya paswadi yangu ya kontrola, akanipa ndogo ya kubonyeza kile nimeambiwa, akanitoa kwenye kazi ya nje, akaniweka kwenye simu za wateja. Ngazi yangu walipewa wengine.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha kazi. Nilikuwa na mtoto chuoni, na kwa umri wangu hakuna mtu anaandika fundi wa kupanda ngazi. Nilikaa. Zima, ngoja kidogo, washa tena. Nilikuwa najua nyumba za hawa watu chumba kwa chumba, najua tenki liko wapi na kabati la kioo liko wapi, na kazi yangu ikawa kuwasomea maneno kutoka kwa skrini. Nilikuwa narudi nyumbani jioni nimechoka shingo kuliko nilipokuwa nabeba ngazi. Niliona uchungu, na bado nauona, sitawaficha.

Hiyo ndiyo sehemu mnayoweza kuwa mmesikia. Hii nyingine hamkusikia. Miezi ikapita, Mama Wanjiru akapiga namba ya wateja akitafuta ofisi, nikapokea mimi. Alishangaa nafanya nini ndani. Sikumwambia, lakini mtu ambaye amelea shule nzima pamoja na mumewe hadanganyiki kwa urahisi. Aliuliza kama ni ile siku ya mazishi. Nikamuuliza ng'ombe wanaendeleaje, na hilo likamjibu.

Wiki hiyo hiyo alishuka Nakuru. Nilimwona kupitia kioo, amevaa nguo zake za kanisa, amebebewa gunia la waru na bodaboda. Hakuja kwangu. Aliingia kwa meneja, mlango ukafungwa. Nilidhani ameenda kumgombeza, na nikafurahi, nikawa nangoja kelele. Kelele hazikuja. Mlango ulipofunguliwa walikuwa wameshikana mikono. Meneja alikuja mpaka mezani kwangu na kusema Mama wa Dundori amerudi kwetu, anahamishia visahani vyake ofisini, na itakuwa vizuri nikimhudumia mimi, kwa vile tunajuana.

Ikabidi nimketishe. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama anaelewa. Nilimwambia ukungu haujahama, na hivi visahani vikirudi ofisini havitatoka tena, kwamba siku Wanjiru anapiga simu na sisi tumekosana, vitazimwa. Kwamba Mwalimu alikuwa ameandika paswadi yake mwenyewe. Alinisikiliza, akanishika mkono. "Mami, mimi nimebaki mtu mmoja na ng'ombe," akasema. "Wewe ulituona. Hii ndiyo kitu niko nayo ya kukupatia."

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Mama Wanjiru akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa, paswadi yake, akanisomea herufi moja moja kwa sababu miwani alikuwa amesahau. Ilikuwa jina la mumewe na mwaka waliooana. Niliandika. Visahani vikaanza kutokea kwenye skrini yangu, sebule, jikoni, halafu kile cha chumba. Nikabonyeza kukubali, kimoja kimoja, vyote vitatu.

Akaangalia uso wangu, akauliza, "Sasa watakurudisha nje?"

Nilimwambia ndiyo, Mama, wiki ijayo, ingawa hakuna aliyeniahidi hivyo. Akafurahi sana. Alisimama, akanichagulia waru kubwa kubwa kutoka kwa lile gunia alilomletea meneja, akanijazia mfuko.